Kamba ya Ole

Binamu yake Janjo alipofika kambini, Mokao alijua kilichomleta kabla mgeni hajavua viatu. Mtu aliyezika kundi zima la ng'ombe hatembei siku tatu kwa miguu kuja kuuliza habari za mvua. Lakini Janjo alikunywa uji wa uwele uliotiwa maziwa ya mbuzi, akausifu, akauliza habari za visima, za wakwe, hata za mbwa, na neno ng'ombe halikumtoka. Mfulani haombi ng'ombe. Hukaa tu, akangoja kuonekana.

Mokao akajifanya haoni. Hakuzaliwa mchoyo, tusimwonee. Kabla ya ukame alikuwa na ng'ombe tisini, na pale kisimani watu walimpisha anyweshe wa kwanza. Ukame ukawafyeka. Sasa alikuwa na wawili: Mbune, kikongwe aliyekoma kuzaa, na binti yake Ole, wa manjano, mwenye mimba ya kwanza. Kila alfajiri Mokao alishika tasbihi akisema Mungu ndiye mwenye kuruzuku, huku macho yake yakipima tumbo la Ole. Kichwani mwake ndama huyo alikwisha kuzaliwa, akakua, akazaa wengine, na baada ya miaka kumi wakawa tisini tena.

Siku ya tatu mkewe, Dembe, alichoka kungoja.

"Baba Altine, binamu yako utamfungia kamba lini?"

Kufunga kamba kulijulikana na wote. Aliyepotelewa hupewa jike na ndugu yake, akakaa naye mpaka azae mara tatu. Ndama ni wa aliyepewa, kisha ng'ombe hurudi kwa mwenyewe.

"Nimfungie nani? Wewe mwenyewe huwaoni walivyojaa zizini?" Mokao alijibu.

"Nawaona wawili. Na ninakumbuka walikotoka. Mbune si alikuwa kwa rafiki yako kule kusini, ukame ulipopiga? Akazaa mara tatu, akarudi na Ole tumboni. Wale tisini uliowakumbatia hapa wako wapi?"

"Kutoa mmoja ukiwa na tisini ni rahisi, mwanamke."

"Mbona kipindi kile ulinung'unika wiki nzima?"

Mokao akaondoka pale, kwa sababu ni kweli alinung'unika.

Asubuhi yake aliwaita majirani wawili wawe mashahidi, akachukua kamba, akaifunga shingoni mwa Mbune. Majirani wakatazama chini. Kumfungia mtu ng'ombe asiyezaa si kosa kwa maneno, maana kamba ni kamba, lakini hakuna mchungaji ambaye hangeiona hila ile. Mokao mwenyewe alikuwa ametayarisha majibu tangu alfajiri. Wacha Janjo anune, alijiambia, wacha atukane, kisha aende zake na deni la heshima liishe.

Janjo alimsogelea Mbune taratibu. Alimfunua mdomo akaona meno yalivyolika, akapitisha mkono kwenye mgongo uliobonyea. Kisha akasimama pale, paji la uso likiegemea shingo ya ng'ombe, na machozi yakamtoka mbele za watu, jambo ambalo Mfulani hulificha hata msibani.

"Namshukuru Mungu," alisema. Akajifuta, akageukia utani, kama ilivyo ruhusa kwa mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. "Mtumwa wangu Mokao, umetajirika kweli. Siku hizi unagawa mabibi?"

Majirani walicheka. Mokao hakucheka.

"Unajua hazai."

"Nina macho, bwana."

"Sasa unashukuru nini?"

"Miaka minne nabeba maji ya watu mjini. Watoto wangu wamesahau harufu ya ng'ombe. Leo nina wa kumchunga." Janjo aliishika kamba vizuri. "Na ndama si kazi yako, mtumwa. Ndama ni wa Mungu. Kazi yako ilikuwa kamba, na umeifunga."

Mokao aliona aibu, tena aibu nzito. Huyu hakuwa na hata mbuzi, na alimwamini Mungu kwa ng'ombe tasa. Yeye mwenye ng'ombe wa mimba alikuwa akilala nusu macho. Alikwenda akaifungua kamba shingoni mwa Mbune. Akaifunga kwa Ole.

Sasa Janjo ndiye aliyeogopa. "Mokao, usitoe kwa hasira. Huyu ndiye uliyebaki naye."

"Nyamaza wewe, mtumwa, nisije nikabadili nia."

Lakini Ole hakuwa na habari za mambo yao. Alivutwa, akakita kwato. Alisukumwa, akapiga mateke. Hakuwahi kumfuata mtu mwingine maishani mwake. Ikabidi Mokao mwenyewe atangulie mbele akimwita, na Ole akamfuata bila shida mpaka kwenye korongo kavu ambako njia ya Janjo ilianzia.

Hapo palikuwa na jambo moja tu la kufanya. Mokao alimfundisha binamu yake ule mwito. Ulikuwa wa baba yake, mrefu, wa kifuani, unaopanda kidogo kabla ya kukatika. Mara ya kwanza Janjo alitoa sauti ya mbuzi aliyekabwa, na Ole akageuza kichwa kando. Mara ya pili ikawa afadhali. Mara ya tatu Mokao alifumba macho, akasikia kama vile marehemu baba yake anaita.

"Nenda mbele, uite," alisema. "Mimi sitasema tena."

Janjo alivuka korongo, akaita. Ole aliinua masikio. Akamtazama Mokao, akamtazama muda mrefu. Pumzi moja tu ingemrudisha, na Mokao alijua hivyo, na ile pumzi aliishikilia kifuani mpaka macho yakamwasha. Ole akavuka.

Mokao alirudi nyumbani polepole. Njiani alijishtukia anaimba, yeye ambaye hakuimba tangu ukame. Dembe alikuwa mlangoni, amekwisha kusikia yote kwa majirani, na uso wake haukujua ufurahi au uogope.

"Baba Altine, mwakani tutakunywa nini?"

"Unaniuliza mimi? Kwani mimi ndiye mwenye kuruzuku?" alisema Mokao, akaketi, akaomba uji.