Surua ya Godwin na Mtoto Asiyeonekana

Vipele vilianzia nyuma ya masikio ya Godwin, vikateremka shingoni safu kwa safu, kwa utulivu, kama waumini wanaotoka ibadani. Nesi Hedwiga akamtenga katika chumba cha mwisho cha zahanati ya shule, hapo Olasiti.

"Hao ni askari wako mwenyewe," alimwambia. "Wamemkuta adui kwenye ngozi, wanapigana naye hapo hapo."

"Basi nashinda, nesi?"

"Unashinda. Surua haitakurudia, sura yake wameikariri. Ila kirusi hiki huwaua askari wanaokumbuka magonjwa ya zamani. Ukipona, mwili utakuwa umesahau mengi, utaugua ovyo ovyo."

"Na fizikia nitaisahau?"

"Hiyo hukuwahi kuijua."

Godwin alicheka. Kesho ilikuwa siku ya wazazi. Mama angetoka Kikatiti na Tabea, mdogo wake aliyezaliwa baada ya shule kufunguliwa. Godwin alikuwa hajawahi kumwona. Muhula mzima alikuwa akimwaza: kichwa chake kina uzito gani, ananukiaje, atamlilia au atamcheka.

"Mtoto mchanga je?" aliuliza.

"Hajafika umri wa chanjo. Kinga aliyopewa na mama yake inapungua kila siku. Askari wake hawajui lolote bado."

Godwin akaomba simu.

"Shikamoo, Mama. Usije kesho. Nina surua, utamwambukiza Tabea."

"Marahaba. Muhula uliopita ulikuwa na kidole tumbo," alisema Mama. "Kabla ya hapo mkuu wa shule alifariki, na siku ya pili nikamkuta sokoni ananunua nyanya."

"Mama, safari hii ni kweli."

Nesi akaipokea simu, akajitambulisha kwa sauti ya kikazi. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Simel," alisema, akidhani ni rafiki wa Godwin wa bwenini, "mwanangu, acha kuigiza sauti za wanawake. Kesho nakuja, na andazi hupati."

Simu ikarudi kwa Godwin. Ukweli alikwisha kuusema, na haukumfikisha popote.

"Haya, Mama, umenikamata," alisema. "Ni kwamba sitakuwepo. Nimejiunga na kwaya. Kesho tunakwenda Moshi kwenye mashindano, niliona aibu kukwambia."

"Kwaya?" Sauti ya Mama ikalainika. "Wewe, Godwin? Mungu ni mwema. Unaimba sauti gani?"

"Besi."

"Basi nenda, baba. Sisi tutabaki nyumbani."

"Mama," alisema Godwin, "Tabea yuko macho?"

"Yupo mgongoni, amelala."

"Niwekee simu karibu naye."

Kitenge kikakwaruza, kisha ikaja pumzi ndogo, ya haraka, yenye kikoromo kidogo puani. Godwin alifumba macho. Nesi akanyoosha mkono kudai simu yake. Godwin akageukia ukutani, akaikandamiza zaidi sikioni.