Mkono wa Chuma Uliosomwa Mchana

Mama mkwe wangu Nanzala hakukubali hadithi isimuliwe jua likiwa bado juu. Ndivyo alivyolelewa kwao, na hata baada ya kubatizwa hakuacha, akisema Mungu hajamkataza mtu kuwa na adabu. Hadithi ya mchana hupoteza ng'ombe.

"Lakini mama, hapa mjini, lokesheni, hatuna ng'ombe," nilimwambia siku moja.

"Ndiyo maana hatuna."

Kwa hiyo Jumapili ile ya kwanza, mwaka wa hamsini na moja, niliposhika gazeti nimsomee mgeni wetu Shitanda, mama aliinua uso kutoka kwenye ungo wa mboga akauliza kama ninachotaka kusoma ni hadithi.

Juu ya ukurasa kulikuwa na mchoro wa mkono. Juu ya mchoro, kwa herufi ndogo, pameandikwa Hadithi ya Kubuni. Chini yake, kwa herufi kubwa, Mji Ulio Chini ya Ziwa.

"Ni gazeti, mama," nikasema.

"Gazeti ni sawa. Soma."

Nikaanzia kwenye herufi kubwa. Sikusema uongo, niliruka maneno matatu tu. Kungojea jioni hakukuwezekana. Lori la maziwa lililomleta Shitanda kutoka Chepsaita lilirudi saa kumi na moja, na mafuta ya taa tulikuwa tukiyapima kwa kifuniko cha chupa. Tena nilimwona ni mtu aliyepata taabu ya kutosha, nikataka asikie kitu kizuri.

Shitanda alifanya kazi na marehemu mume wangu, Wanyama, katika kiwanda kimoja cha mbao kule Timboroa. Wanyama alichukuliwa na kichomi, kwa ile baridi. Shitanda akabaki kwenye msumeno wa mashine, na mwaka wa pili msumeno ukamkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Kigutu kilipona vizuri. Yeye mwenyewe ndiye hakupona. Alikwenda kukaa na mkewe Musimbi na watoto watatu katika jiko la shemeji yake, kwenye shamba la Kaburu kule Chepsaita, na kila Jumapili alikuja kusali mjini na kula kwetu. Jirani yetu Jackson, karani wa stesheni, alituachia gazeti akishamaliza kulisoma. Shitanda hakujua kusoma. Mimi nilifika darasa la nne misheni, basi nikawa msomaji.

Habari yenyewe ilikuwa ya daktari mmoja aliyeishi katika mji wa kioo chini ya ziwa, akiwatengenezea watu mikono ya chuma. Ilitoka kila wiki, ukurasa mmoja. Wiki ya tatu aliletwa mtu ambaye mkono wake uliliwa na mamba. Daktari akamfunga mkono wa chuma, akaweka kikapu cha mayai mbele yake, akamwambia atoe yai moja bichi. Mtu akalitoa. Akaligeuza, akalitazama kwenye taa, akalirudisha polepole.

"Rudia hapo, shemeji," Shitanda akasema.

Nikarudia.

"Halikuvunjika?"

"Halikuvunjika."

"Wala ufa?"

"Ufa haukuandikwa."

"Basi haukuwako. Mtu wa gazeti angeandika."

Mama akatema mbegu ya pera. "Na huyo alitaka kulifanyia nini hilo yai?"

"Alikuwa anapimwa, mama," Shitanda akamjibu.

"Anapimwa na yai la watu."

Tulicheka sote. Shitanda alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati uliokuwa mtupu. Tangu Wanyama azikwe nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo, na nilifurahi. Hapo ndipo kosa langu lilipopata chakula.

Jumapili iliyofuata alikuja na kamba. Ilikuwa na mafundo matatu: la kiwiko, la kifundo cha mkono na la ncha ya kidole kirefu. Alikuwa ameupima mkono wa kushoto, kamba akiishika kwa meno.

"Daktari atataka kipimo," alisema. "Sitaki kufika huko niambiwe rudi kesho. Shemeji, wameandika ziwa gani?"

"Bado hawajataja."

"Watataja. Hawawezi kumsifu mtu wiki zote hizi wasiseme anakaa wapi. Hata kule misheni ya Plateau, ukisikia daktari mzuri, unaambiwa na njia."

Ningesema hapo. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini mama alikuwa pale na ungo wake, nikaona nikisema itajulikana kwamba nimesimulia hadithi kwenye jua Jumapili nne mfululizo. Nikakunja gazeti nikaenda kutazama ugali.

Wiki ya nane, tulipokuwa tunatoka kanisani, Kimeli alikuwa akitungojea nje. Huyu Kimeli alikuwa nyapara wa kile kiwanda cha Timboroa, mtu mpole, Mkristo, aliyekuwa amekuja mjini kwa shughuli zake.

"Shitanda, nimekutafuta," alisema. "Mlinzi wa geti amerudi kwao. Meneja amekubali uchukue wewe. Kazi ni kufungulia malori. Na nyumba iko, ya mbao, vyumba viwili. Lakini anataka jibu Jumatatu ya wiki ijayo, si hii ya kesho. Nisipokuona asubuhi hiyo, naweka mwingine."

"Mimi ni mtu wa msumeno," Shitanda akasema.

Kimeli akautazama ule mkono wa shati. "Na utashika mbao na mkono gani, ndugu yangu?"

"Ule unaokuja."

"Unatoka wapi?"

"Muulize shemeji. Yeye ndiye anasoma."

Kimeli akanigeukia. "Mama, huyu anasema nini?"

"Ni mambo ya gazeti," nikajibu.

"Gazeti!" Kimeli akacheka. "Hata mvua walisema itawahi." Akapanda baiskeli yake. Alipofika barabarani akageuka akapaza sauti, "Jumatatu, Shitanda! Geti halingojei!"

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Ndipo Shitanda akaniambia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba Kaburu alikuwa amempa shemeji yake siku kumi awaondoe watu wote wasiofanya kazi pale shambani. Siku tatu zilikuwa zimeshapita.

"Basi chukua geti," nikasema.

"Nikichukua geti wataandika kwamba mimi ni mtu wa geti. Mkono ukija nitawaambia nini? Imebaki wiki moja, shemeji. Jackson amesema gazeti lijalo ndilo lenye mwisho wa habari hii. Pale mwisho ndipo watataja mahali."

Jumamosi Jackson aliniletea gazeti nikiwa naanika nguo za watu.

"Mama, mwisho wake ni wa ovyo," alisema. "Tumengojea bure."

Nilisoma nikiwa nimesimama pale pale, vibanio vya nguo mdomoni. Jackson alikuwa amesema kweli. Nilifikiri kidogo, Mungu anisamehe, kumtungia Shitanda mwisho mwingine ulio bora. Kutunga si kazi, maana huyo mwandishi mwenyewe alikuwa ameacha nafasi kubwa. Lakini ningemtajia ziwa gani? Popote ningetaja, angekwenda.

Jumapili alikuja amevaa koti, ile kamba imekunjwa mfukoni, na kifurushi cha chakula cha safari ambacho Musimbi alimfungia. Nilipokiona kile kifurushi sikungoja tule.

"Shemeji, kuna maneno juu ya ukurasa ambayo sijawahi kukusomea. Yako kila wiki. Yanasema hadithi ya kubuni."

"Kubuni ni nini?"

"Mtu ameketi Nairobi akaifikiria. Hakuna mahali ilipotokea."

Shitanda akaweka kifurushi chini. Kuku aliingia, akatoka.

"Daktari hayuko."

"Hayuko."

"Na ziwa?"

"Hakuna."

"Na lile yai?" Akatoa kamba mfukoni akaitazama, fundo moja baada ya jingine, halafu akairudisha.

Mama Nanzala ndiye aliyesimama. "Nekoye! Umesimulia hadithi kwenye jua! Ukaniambia ni gazeti!"

"Iko kwenye gazeti, mama."

"Hata nzi anaingia kwenye maziwa, tunamwita maziwa?"

"Nimekosa, mama. Nimewakosea nyote wawili. Kwa Mungu nimeshaomba msamaha, sasa nawaomba ninyi."

Mama aliendelea kusema, kwa Kiswahili na kwa kikwetu, na yote niliyoambiwa yalikuwa haki yangu. Shitanda alikuwa kama hayupo. Mama alipotua kuvuta pumzi, Shitanda akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa yule mtu wa yai, alifika nyumbani?"

"Nikusomee?"

"Mchana? Hapana!" mama akasema. "Mara nane mimi na huyu tumekosa bila kujua. Hii ya tisa tunajua." Akatazama mlango, akatazama dirisha. Niliona jinsi na yeye alivyotaka kusikia. "Funga huo mlango. Shitanda, chukua gunia uzibe dirisha. Nekoye, washa taa."

"Mafuta ni ya wiki nzima, mama."

"Washa. Humu ndani ni usiku."

Tukaketi gizani saa nane ya mchana, tukitoka jasho chini ya mabati. Palikuwa na tundu la msumari kwenye bati, na mwanga ukashuka mpaka kwenye goti la mama. Shitanda akamwonyesha.

"Hiyo ni nyota," mama akasema. "Soma."

Nilianza na yale maneno matatu. Halafu nikasoma mwisho. Ufa uliingia kwenye ukuta wa kioo na maji yakamwagika mjini. Daktari akatupa kitabu chake cha siri motoni, kisije kikaibwa, akafa pamoja na mikono yake. Mtu wa yai akaogelea. Chuma kikamvuta chini. Akaufungua mkono, ukazama. Akafika ufukoni na mkono mmoja, kama alivyokuja, akaketi akayatazama maji. Mwisho.

"Basi?" Shitanda akauliza.

"Basi."

Taa ilikuwa inatoa moshi. Nikapunguza utambi.

"Mtu wa gazeti alikuwa na mkono wa kushika yai," Shitanda akasema polepole, "akashindwa kuupa hata kazi ya siku moja. Si jembe, si nyundo. Kushika yai, kisha kuzama. Huyu mwandishi aliupenda mkono, hakujua aufanyie nini."

"Hakufunzwa," mama akasema. "Kwetu zimwi likimeza watu, mwisho linakatwa kidole, wanatoka wote, wao na mbuzi wao. Huwezi kumeza watu wiki tisa halafu ukaenda kulala."

"Lakini pale kwenye yai, mama, alijua."

"Kwenye yai alijua," mama akakubali. "Hata mimi nilizuia pumzi."

Shitanda akasimama, akalisukuma komeo la mlango kwa kigutu. Jua likaingia lote mara moja, tukafumba macho.

"Shemeji," aliniambia akiwa amenipa mgongo, "siku ile ya kwanza ungesema ni hadithi, ningesikiliza?"

"Wewe ungesikiliza. Mama ndiye angekataa."

"Basi ungeacha tu. Tungekula mboga."

Hakunilaumu zaidi ya hapo, siku hiyo wala baadaye. Akaniomba ukurasa wa yai. Niliutoa kwenye mkebe wa majani ya chai, nikamuuliza kama anataka na huu wa mwisho.

"Huo washia moto."

Akachukua kifurushi cha Musimbi. Lori la maziwa lilipopiga honi kule sokoni hakulifuata. Alishika barabara ya Nakuru, kuomba lori la kupanda Timboroa, maana kesho yake ilikuwa ni Jumatatu. Juu ya meza nilikuta ile kamba. Niliitumia kufungia mzigo wa nguo.

Nilikwenda Timboroa mwezi wa kumi na mbili, kupalilia kaburi la Wanyama. Geti la kiwanda lilikuwa gogo refu lililofungiwa jiwe upande mmoja. Lori lilipokuja, Shitanda aliegemeza kiwiko tu na gogo likainuka juu, lori likapita. Jiwe alilifunga yeye mwenyewe, Musimbi aliniambia, na meneja alikuja kulitazama mara mbili.

Nilifikia kwao. Ukurasa wa yai ulikuwa umebandikwa ukutani kwa uji wa unga wa posho. Jua lilipoingia nyuma ya msitu, madereva wawili waliokuwa wakilala pale walikuja kuota moto, na mmoja akauliza ule mchoro ni wa nini.

Shitanda alitazama nje kwanza, kuona kama kumeingia giza sawasawa. Kisha akasimama karibu na ukuta. Kusoma hajui mpaka leo, lakini mtu alikuwa amemwonyesha. Akaweka kidole pale juu, kwenye zile herufi ndogo.

"Hapa pameandikwa hadithi ya kubuni," aliwaambia. "Mtu asije akapima kamba."

Ndipo akawaambia habari za kikapu.