Bendi Iliyochagua pa Kukosea

Haya, tega sikio nikutegee: nina mjomba, hasemi neno mpaka umbusu. Nani huyo? Umeshindwa? Nipe mji, lakini usinipe Tunduma, malori yamejaa. Nipe Itumba. Ni tarumbeta.

Basi tarumbeta la Mzee Boazi, kiongozi wa Forodha Jazz ya pale Tunduma, lilikuwa limekosa busu la mwenyewe. Mdomoni mwake yalibaki meno matatu, na hata hayo hayaelewani. Jumamosi moja mchana aliwaita wanabendi uani kwake ataje mrithi. Binti yake Atuganile, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akilipuliza tarumbeta hilo, aliitaka bendi kuliko kitu chochote. Mshindani wake alikuwa Watson, aliyegeuza mashine mbovu ya kumenyea kahawa kuwa ngoma.

Bendi hiyo ilikuwa na desturi yake. Kabla ya wimbo, mzee alimuuliza kila mmoja, "Leo utakosea wapi?" Unachagua mahali, unakosea kwa moyo wote, wenzako wanalifuata kosa lako mpaka linakuwa wimbo mpya. Asiyejibu, mzee alishasema, hapewi bendi. Na Atuganile aliulizwa miaka kumi na miwili, akanyamaza. Tarumbeta alijifunzia kanisani, kwenye mazishi. Kule ukikosea, wazee wanakugeukia mpaka unamwonea marehemu wivu.

"Watson, utakosea wapi?"

"Katikati, mzee, nikishanogewa."

"Atu?"

Atuganile akaanza kuvikagua vitufe vya tarumbeta.

"Dada huyu atakosea siku ya kiyama," Watson akatania. "Mzee, nipe tu bendi yangu."

"Ngojeni kwanza." Mzee akalichukua tarumbeta mkononi mwa binti yake, akapuliza. Ikatoka pumzi tupu, fuuu, kama sufuria ya maharage inayotaka kuchemka. Wakacheka, naye akacheka kuliko wote, kisha akaendelea kupuliza. Watson akaikuna mashine yake polepole. Gitaa likanong'ona. Nje ya ukuta, dereva wa lori aliyekuwa kwenye foleni ya mpaka akaitikia kwa honi, na ile pumzi ya kibogoyo ikawa wimbo, tena mtamu.

Atuganile akasogea karibu na baba yake. Hakuwahi kumsikia baba yake akikosea namna ile, wala akipendeza namna ile.

Mzee akalipangusa tarumbeta kwa shati, akamrudishia. "Haya mama, utakosea wapi?"

"Mwanzoni kabisa, baba," akasema. "Nanyi mnifuate."