Jina la Mjomba kwenye Mlango wa Fuso

Mlango wa Fuso ya mjomba Gidion una nafasi ya jina la mmiliki mmoja, na ukoo mzima ulikuwa na maoni. Mama alitaka liandikwe la mke wa mjomba, Lucia. Babu alipendekeza la mtakatifu yeyote, ilimradi awe hajafungwa. Nilipomkumbusha kwamba watakatifu wengi walikaa gerezani, akaniambia nishike brashi ninyamaze, maana hapa Dongobesh mimi ndiye mwandishi wa majina ya magari.

"Modest," mjomba akasema, "andika langu. Yote matatu."

Nikaandika GIDION TLUWAY MAXIMILIAN, herufi nyekundu, kubwa kuliko za kibao cha zahanati. Niliandika nikipiga mluzi wa furaha. Miaka saba ameendesha malori ya watu, na sasa ana la kwake. Kuukuu, linakohoa, lakini kadi ina jina lake. Kabla ya miaka hiyo saba alikaa mitatu jela: alipokuwa dereva wa tajiri mmoja alipakia ng'ombe wa wizi kutoka Masieda, akakamatwa karibu na Katesh. Hajawahi kusema alisingiziwa. Ukimuuliza anajibu tu, "Nilijua."

Na mzigo wake wa kwanza ulikuwa wapi? Masieda hiyohiyo. Magunia tisini ya vitunguu saumu, mali ya kikundi cha wakulima, kwenda Arusha. Mwenyekiti wao, Tomaso, alikuwa amezungumza kwenye simu na "Gidi mwenye Fuso", basi. Wangemkataa, habari ingefika vijiji vyote hadi Tlawi kabla hatujageuza gari, na msimu huu hakuna ambaye angempa hata kiroba cha majani. Nikamwambia rangi bado mbichi, naweza kulifuta. Akapandisha kioo.

Tuliingia Masieda tukipiga honi kama wenye harusi. Wapakiaji wakavua makoti, gunia la kwanza likapanda begani. Ndipo Tomaso akausoma mlango. Aliusoma kama mzazi anayesoma matokeo ya mwanawe, mara mbili, akiomba yawe yamekosewa. Gunia likarudi chini.

Akauliza kwa adabu kama huyu ndiye Gidion yule wa ng'ombe. Mjomba akashuka, akasema ndiye. Wakulima wakajitenga wakaanza kunong'ona, na kwetu mlimani kunong'ona ni kusema kwa sauti ileile huku umeziba mdomo. Tukasikia kila kitu. Walitaka kuita lori lingine kutoka Mbulu.

Bibi Fransiska hakunong'ona. Magunia thelathini yalikuwa yake, na kati ya ng'ombe wale, watatu walikuwa wake pia. Akaja moja kwa moja na fimbo yake.

"Shikamoo, mama," mjomba akasema, kofia mkononi.

"Marahaba. Ulipakia ng'ombe wangapi siku ile?"

"Kumi na mmoja."

"Wakarudi wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wenzako walikimbilia porini. Wewe ulibaki kufanya nini?"

Mjomba akakuna kichwa. "Jua lilikuwa kali, mama, na ng'ombe walikuwa bado juu ya gari. Nikawaomba polisi ndoo."

Bibi akawageukia wenzake. Akasema ng'ombe wake walirudi wamenyweshwa, ilhali mwaka jana yule dereva wao mwenye jina safi aliharibikiwa na gari njiani, akaacha vitunguu vinyeshewe, akaenda kulala gesti.

"Tomaso, nionyeshe dereva mwingine aliyekubali kwenda jela kuliko kuuacha mzigo."

"Lakini bibi, alikuwa mwizi."

"Alikuwa. Ndiyo maana nitakaa naye mbele mpaka Arusha. Akikata kona nisiyoijua, fimbo hii hapa."

Nilicheka, halafu nikaacha, maana Tomaso naye alitangaza kwamba mwenyekiti hawezi kubaki. Viti vya mbele ni vitatu. Piga hesabu mwenyewe.

Magunia yakapanda mbio mbio. Mjomba alipanda juu kuyapanga kwa mikono yake, akavuta turubai, akajaribu kila fundo mara mbili, huku akiimba pambio kwa sauti ya debe tupu. Sijawahi kumwona hivyo. Bibi alikuwa tayari amekaa, kikapu mapajani, akigonga kioo.

"Gidion, unatuchelewesha."

"Nakuja, mama."

Fuso ikakohoa, ikaondoka. Nami nikabaki katikati ya Masieda nikipunga mikono yote miwili, nimefurahi kiasi cha kusahau kwamba sina nauli ya kurudi.