Vipande Vidogo Vidogo

Fundi wa nguo aliyejulikana kama Mama Pindo alikuwa na pini midomoni, akishikiza mkono wa gauni la mteja, simu ilipoita. Wifi yake, aliyeshona naye chumba kimoja, akaiegemeza simu kwenye roli za uzi.

"Toa pini, nesi asidhani umeota meno mapya."

Kwenye kioo cha simu akatokea nesi wa kliniki ya upasuaji wa kupunguza uzito. Tangu Mama Pindo apunguzwe mfuko wa chakula, walikuwa wakionana hivyo. Simu ilimwondolea foleni na, kusema kweli, ilimsitiri. Alikaa penye mwanga, akaonyesha uso tu, uso aliokwisha kuupaka mafuta.

"Chakula kinakaa, mama?"

Mama Pindo akanyoosha kola isiyo na mkunjo. "Kinakaa, mwanangu."

Hakikai. Karibu kila mlo ulirudi, naye alitapikia uani, bomba la maji kalifungulia limeze sauti. Aliogopa jambo moja: kwamba mshono wa ndani umeachia, na akitamka tu, atarudishwa kwenye kisu cha daktari. Amefumua nguo za watu maisha yake yote. Anajua kitambaa kilichofumuliwa kinavyobaki na matundu.

Cherehani ya wifi ilikuwa imenyamaza.

"Nesi, muulize bomba la uani linafunguliwa la nini kila akila."

"Wifi, shona."

"Nashona. Sanda tu ndiyo sitaki kushona."

Nesi hakucheka wala hakugomba. Aliuliza habari za homa, za maumivu, kama maji yanapita. Maji yalipita, maumivu hakuna. "Chakula cha mchana kiko karibu? Kula kidogo nikuone."

Hilo lilimtia haya. Miaka mingi watu walikuwa wakiitazama sahani yake kabla ya kumtazama yeye. Hata hivyo akavuta bakuli la kuku wa kuchemsha, aliyemkatakata kwa mkasi wa jikoni mpaka akawa punje. Mkono wa kulia ukapeleka kipande mdomoni, wa kushoto tayari umeshika kingine. Kikafuata kingine.

"Hutafuni, mama."

"Si mlisema vipande vidogo? Nimevikata."

"Tulisema utafune mpaka kiwe kama uji, umeze, upumzike, ndipo ushike kingine. Wewe unakula kama unalisha kitambaa kwenye sindano."

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. Mama Pindo alitaka kununa, akashindwa. Mikono yake ilikuwa bado inatafuta kipande.

"Kwa hiyo sikatwi tena?" Sauti ilimtoka ndogo.

"Sijui, mama. Kwa simu sioni ndani. Namweleza daktari sasa hivi. Wewe kula hivyo leo. Kikirudi hata mara moja, kesho asubuhi uje kliniki. Maji yakigoma au ukiumwa, usingoje kesho. Na usinifiche."

"Hafichi," wifi akasema. "Niko hapa."

Simu ikakatika. Mama Pindo akatia kipande kimoja mdomoni, akaanza kutafuna. Mikono ikaenda yenyewe kwenye gauni. Akairudisha mapajani, ikakaa kama wageni wasiojuana.

Mwenye gauni akachungulia mlangoni. "Fundi, tayari?"

Mama Pindo akainua kidole, bado anatafuna.

"Mkono mmoja bado," wifi akamjibia. "Pitia kesho."