Suuza Mara Tatu

Gari la maji lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka kwenye kisima namba saba, na aliyeshika mpira, akiyamimina maji safi ndani ya shimo, alikuwa kibarua waliyemwita Fundi Pampu. Shimo lenyewe halikuwa la kuchota maji ya kunywa. Lilikuwa bomba la plastiki lililozamishwa mita kumi na nane ardhini, jembamba kiasi kwamba mkono uliingia kwa shida, la kupimia tu kama maji ya chini yana sumu. Kiwanda cha betri kilipofungwa, mashimo kumi na mawili ya namna hiyo yalichimbwa uwanjani, na katika yote hilo la saba ndilo lililokuwa likiiaibisha kampuni ya usafishaji. Maji yake yalitoka na rangi ya kutu. Kutoka hapo mpaka ukutani ni hatua arobaini, na nyuma ya ukuta ndiko Fundi Pampu alikokuwa akiishi.

"Mimina yote," alisema msimamizi. "Usinibakizie hata ndoo."

Msimamizi huyo vibarua walimwita Buti Safi. Miaka miwili walikuwa wakifukua udongo wenye risasi, madini yale yanayoingia kwenye damu na kuwaharibu watoto akili, na buti zake bado zilikuwa kama zimetoka dukani jana. Mbele yake walimwita bosi.

"Bosi, si kesho afisa wa mazingira anakuja kuchukua maji ya shimo hili?"

"Anakuja."

"Sasa atachukua maji gani?"

"Atachukua yaliyomo." Buti Safi hakuinua macho kwenye simu. "Wewe uliajiriwa kushika mpira au kuuliza maswali?"

Fundi Pampu alimimina. Lita elfu tano zilishuka huku yeye akiuma meno, na alijichukia kwa kila lita moja.

Alikuwa na binti wa miaka saba. Mwaka uliopita mtoto huyo alihesabu mpaka mia bila kuvuta pumzi. Mwaka huu alikwama kwenye kumi na nne, akaanza upya, akakwama, akalia. Mwalimu alisema ni mzito. Daktari, ambaye angalau aliuliza mtoto anakunywa maji gani, alimpima damu akakuta risasi imezidi kipimo mara nne. Baba mtu akakipeleka cheti ofisini. Buti Safi alikisoma amesimama, akakirudisha.

"Umempelekea wewe, kwenye ovaroli yako. Kunawa hamjui, halafu lawama kwa kampuni."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yangeweza kuwa kweli. Tangu siku hiyo aliivua ovaroli getini na kurudi nyumbani na bukta, mtaa mzima ukimcheka. Miezi mitatu baadaye damu ilipimwa tena. Haikushuka hata kidogo. Kilichobaki kushukiwa kilikuwa pampu ya mkono ya mtaa, iliyokuwa ikivuta maji ubavuni mwa ukuta uleule.

Aliwaomba majirani waiache pampu mpaka majibu ya serikali yatoke. Hakuwaficha kitu. Majibu yakionyesha sumu, mkataba wa usafishaji unailazimisha kampuni kuvuta maji ya bomba mpaka mtaani. Yasipoonyesha, kampuni inakabidhi uwanja, inafunga virago na kwenda zake. Wakamsikiliza, wakakubali kwa shingo upande. Kwa wiki tano wanawake walishuka bondeni na ndoo na kupanda nazo, na kila waliposimama kupumua walimlaani yeye, wala si kampuni. Mama mkwe wake, ambaye magoti yalikuwa yameshamwishia, hakusubiri hata amgeuzie mgongo.

"Baba, pampu iko mlangoni, mimi napanda mlima kama punda. Maji yale yakionekana mazima, utanibeba mgongoni wewe mwenyewe mpaka nife."

"Hayawezi kuwa mazima, mama."

"Haya. Tutaona."

Sasa alijua wataona nini. Wataona maji ya gari.

Mchana huohuo, Buti Safi alipokwenda kula, Fundi Pampu alifungua sanduku la barafu akachukua chupa moja ya maabara, yenye kifuniko chekundu. Chupa hizo kibarua hakuruhusiwa kuzigusa. Bosi alizijaza na kuzifunga kwa mkono wake. Kibarua alifundishwa jambo moja tu, siku ya kwanza ya kazi, kwa ukali: chochote kinachogusa maji ya kipimo kisuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale. Ndoo, jagi, kamba, kila kitu. Mwenzao mmoja aliyesuuza jagi mara mbili alifukuzwa kabla ya saa ya chai, na wote wakajifunza.

Akaenda mpaka pampu ya mtaa, akausukuma mkono wa pampu mpaka maji yakaja kwa nguvu. Alipofungua chupa aliona matone machache chini. Moja lilimdondokea kwenye ufa wa kidole, likamuuma. Uchafu wa watu wa maabara, alijisemea, na hao ndio wanaojifanya wasafi. Akaisuuza mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa uangalifu ambao hata Buti Safi asingeutia kasoro. Akaijaza mpaka shingoni akaikaza.

Afisa alifika kesho yake karibu na adhuhuri, mwanamama mwenye haraka, dereva wake akiwa hajazima injini. Alichukua maji ya kisima namba saba, maangavu kabisa. Alipokuwa anaandika, Fundi Pampu alitoka kwenye mstari wa vibarua.

"Shikamoo, mama. Hayo maji yametiwa jana kwa gari. Mimi ndiye niliyeshika mpira." Akainua ile chupa yenye kifuniko chekundu. "Maji ya kweli ni haya. Nimeyachota pampu ya mtaa, na mimi ni mkazi wa hapo. Naomba yapimwe."

Vibarua waliinamia koleo zao kana kwamba hawamjui. Afisa alimtazama Buti Safi, na Buti Safi, badala ya kufoka, alinyoosha mkono akaipokea ile chupa, akaigeuza juani polepole.

"Chupa yetu," alisema. "Uliisuuza?"

"Mara tatu. Kama mlivyotufundisha."

"Mara tatu." Akampa afisa. "Ipokee, dada. Mkazi ana haki yake. Kwa kweli, hii ndiyo ipimwe, ya gari tuiache, tusije tukaambiwa tumeficha kitu. Aandike tu kwamba ameichota mwenyewe, akaisuuza mwenyewe, akaifunga mwenyewe."

Afisa aliitazama chupa, akatazama saa yake. Akamwaga maji ya gari chini na kutoa fomu. Fundi Pampu aliweka sahihi mahali pote alipoonyeshwa, akiwa na furaha ambayo baadaye aliikumbuka kwa kichefuchefu. Jioni alimwambia mke wake kwamba mabomba yanakuja.

Majibu yalikuja siku ya kumi na moja. Yalibandikwa kwenye pampu, na nakala ya fomu chini yake: maji yamechotwa na mkazi wa mtaa, risasi iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, maji yanafaa kwa matumizi yote ya nyumbani. Aliyasoma mara mbili. Akaenda ofisini mbio.

Buti Safi alikuwa anapanga mafaili kwenye maboksi.

"Kifuniko chekundu," alisema kabla hajaulizwa. "Yale matone chini ulidhani umande? Ile ni asidi. Kazi yake ni kuyashikilia madini ndani ya maji. Ukiimwaga, kutu inaganda chini ya chupa, risasi inakwenda nayo, juu yanabaki maji meupe. Maabara wamepima ya juu."

"Ulijua."

"Nilikuuliza. Mbele ya mashahidi nilikuuliza."

"Hatukufundishwa hilo! Mlituambia kila kitu kisuuzwe!"

"Kibarua anafundishwa ya kibarua. Nani alikutuma kwenye chupa?"

"Basi yachukuliwe tena. Nakuomba, bosi. Mtoto wangu..."

"Vipimo vimefungwa. Uwanja tumeshakabidhi." Akalaza utepe juu ya boksi na kuukata kwa meno. "Na wewe kazi yako imeisha leo, kwa wizi wa chupa. Ulishakiri kwenye fomu."

Alipokimbia kurudi pampuni, foleni ilikuwa imeshafika kwenye kona. Wanawake walikuwa wanacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote hizo. Alipasua karatasi, akaukumbatia mkono wa pampu kwa kifua chake na kuanza kuwaeleza habari za asidi, za kutu, za maji ya juu na maji ya chini, akichanganya, akipiga kelele.

"Si sahihi yako ile?" mmoja aliuliza.

"Ni yangu, lakini..."

"Lakini nini? Ulitupandisha mlima bure, na leo unataka tena?"

Mtu akamrushia kifuniko cha ndoo usoni. Kaka wa mke wake alikuja na wanaume wawili, watu aliocheza nao bao, wakamng'oa pale kidole kimoja kimoja.

"Tuachie maji, shemeji. Umeshatuchosha."

Wakambana ukutani, mikono nyuma. Mke wake alisimama kwenye foleni na ndoo mbili, akitazama chini. Mama mkwe akaushika mkono wa pampu, akasukuma, akamwita mjukuu wake aje kwanza, maana mtoto ndiye aliyepata taabu zaidi.

"Usinywe!" baba alipiga kelele. "Mwanangu, usinywe!"

Lakini kila mtu alikuwa anapiga kelele. Binti aliingiza kichwa chini ya maji na kuyapokea kwa mdomo wazi, akanywa mpaka tumbo likamjaa, kisha akageuka, uso unamchuruzika, akampungia baba yake mkono aje na yeye anywe.