Ukuta Uliopashwa Moto

Bibi Mukabutera alimpenda fundi Leopoldi upesi, maana kijana huyo Mtanzania alijua vitendawili. Siku aliyomaliza kupiga lipu ya saruji kwenye chumba cha chini, nyumbani kwa Gisa, mtoto wa Bibi, pale Black Rock, mjini Buffalo, aliufunika ukuta kwa mashuka ya zamani yaliyolowa, akamgeukia.

"Kitendawili, Bibi."

"Tega."

"Mwanangu akinywa maji anakomaa, akiota moto anapasuka."

Bibi akawaza, akashindwa, akatoa mji. "Chukua Uvira."

"Nilikwenda Uvira, nikala samaki wote, hata mkia sikukubakizia. Ni huu ukuta. Urushieni maji, mashuka yasikauke. Hita msiwashe humu mpaka nirudi."

Bibi alicheka, lakini moyoni hakukubali. Kwao, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, ukungu hauna adabu. Nyumba ikishakandikwa udongo, wanawake huwasha moto ndani, ukuta ukauke kabla haujaporomoka. Yeye mwenyewe amekausha nyumba nyingi, macho yakimtoka machozi ya moshi. Leo ukuta umwagiwe maji, tena kwenye baridi ya Buffalo, na mjukuu aje alale humo? Kijana mzuri, alijisemea, lakini hajakandika huyu.

Basi Gisa na mkewe wakienda kazini, Bibi alivua mashuka, akaburuta hita mpaka ukutani, akawasha. Wakikaribia kurudi, aliyarudisha ukutani na kuyalowesha juu juu.

Leopoldi alipokuja kufunua, ukuta ulikuwa umepasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Aliugonga kwa kidole, kipande kikadondoka.

"Bon," alisema Gisa, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia ujenzi wa kanisa lao, kazi ambayo Leopoldi alikuwa ameahidiwa. "Hii njo kazi ulitaka kutufanyia kanisani? Ukuta uangukie kwaya?"

Leopoldi alisugua ule unga kiganjani. "Sijui nimekosea wapi. Labda mchanga ulizidi. Nitaubomoa, niupige upya. Ila kanisani tafuteni mwingine. Mkono wangu sasa siuamini."

Bibi alikuwa kwenye ngazi na sinia ya chai. Neno lilimjaa kinywani.

"Chai inapoa," akasema.

Fundi mwingine akapewa kanisa. Leopoldi aliporudi kubomoa, kila nyundo ilipopiga, ilimpata Bibi kifuani. Alimshushia maharagwe, akamshushia ndizi, akarudi tena na maziwa.

"Leo unanilisha kama bwana harusi," Leopoldi alisema.

"Ni mimi niliyeuwashia moto."

Nyundo ikasimama. "Na mashuka?"

"Nilikuwa nayavua mkiwa hampo. Kwetu ukuta hukaushwa hivyo."

Leopoldi aliketi juu ya ndoo. "Kuwasha, sawa, hukujua. Lakini nilipokuwa najilaumu mbele yako, Bibi?"

"Niliona haya mbele ya mwanangu."

"Nimekuwa nikiitazama mikono hii kama ya mtu mwingine."

Hakupaza sauti. Angemfokea, Bibi angepata nafuu. Alinyanyuka tu, akamwambia asogee, vumbi lisimwingie.

Jioni Gisa alifungua mlango, akamkuta mama yake amesimama kwenye korido, hata taa hajawasha.

"Mama, kuna nini?"

"Vua viatu, ukae. Ulimtukana mtu asiye na kosa, na mimi nilikuwa hapo nikisikiliza."